Naomba ushauri: waraka wa 1895 wenye saini ya Hardinge

Assalam aleikum ndugu zangu. Kwenye kasha la marehemu babu, Kibokoni, tumekuta waraka wa ukurasa mmoja, Kiingereza juu na Kiarabu chini, wa tarehe 1 Julai 1895. Ndiyo siku kampuni ya Kiingereza ya IBEA (Imperial British East Africa) ilipoikabidhi serikali ya Uingereza utawala hapa Mombasa, mwambao wa maili 10 ukibaki chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar. Chini kuna saini ya Arthur Hardinge, mwakilishi mkuu wa Uingereza Zanzibar wakati huo.

Wino wa saini umegeuka hudhurungi na kupenya hadi nyuma ya karatasi. Maandishi mengine ni ya chapa, meusi tii. Mimi naona saini ni ya mkono, ila ami yangu ashikilia ni nakala tu. Dalali mmoja wa vitu vya kale ashatutajia bei bila hata kuufunua vizuri (hapo ndipo nilipomshuku). Binamu naye ataka tuupige laminesheni, nimemkatalia katakata.

Je, tuanzie kwa wataalamu wa makumbusho pale Fort Jesus, au Nyaraka za Taifa, Nairobi? Ukithibitishwa ni halisi, sheria yaturuhusu kubaki nao nyumbani? Na kwa sasa tuuweke vipi? Pembe moja ishaliwa na mende.