Mrejesho: tairi za baiskeli za lami na udongo, Mbale hadi Sipi (Uganda)

Wakuu, niliuliza hapa tairi za baiskeli zinazofaa lami ya Mbale–Sipi pamoja na vijia vya udongo kwenye mashamba ya kahawa. Nimefunga za inchi 26 kwa 1.95, katikati laini, meno pembeni. Kwenye lami ni nyepesi kabisa! Upepo paundi 45 (psi), nikiingia udongoni napunguza hadi 30. Tope la mvua bado linazishinda, kwa hiyo masika mbele nitafunga yenye meno makubwa.

Pancha niliyowaeleza nayo imekwisha. Aliyesema nipapase ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu, Mungu akubariki: mwiba ulikuwa bado umejificha humo. Nilikwangua tyubu kwa msasa, nikapaka solusheni (gundi ya viraka), nikasubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Hapo usiharakishe. Kimeshika hadi leo.