Naomba ushauri: wakaguzi wapya mwaloni, mafunzo nusu siku

Wakuu, habari za kazi. Kituoni kwetu, mwaloni (panaposhushwa samaki) hapa Mwanza, wapo wakaguzi watatu wa samaki, walio kwenye majaribio ya kazi ya miezi 12. Mafunzo elekezi: nusu siku, slaidi tupu. Sasa utepe unalazwa juu ya tumbo la sangara, unapinda, wa sm 48 anasomeka 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa, na anapita. Kipimajoto kinachomekwa chini ya ngozi tu badala ya katikati ya mnofu, wala hakijahakikiwa kwenye maji ya barafu iliyopondwa, ambamo lazima kisome nyuzi 0. Mkuu wa kituo yeye anadai PEPMIS (mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma) ijazwe, basi. Je, mafunzo kazini ya wiki mbili yanaweza kuingizwa humo kama jukumu, au nianze na barua kwa ofisa utumishi kupitia kwake?