Nataka ubingwa wa mifupa, kila mtu ananisukuma kwenye magonjwa ya wanawake. Naombeni ushauri

Binti Ujiji
Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa wote.

Mimi ni daktari, nimeajiriwa kwenye hospitali moja hapa Kigoma. Nimeolewa, nina mtoto mdogo. Tangu nikiwa intanshipu moyo wangu uko kwenye mifupa. Ajali za bodaboda haziishi, na wavunaji wa mawese wanaodondoka kwenye michikichi tunawapokea kila msimu. Mtu akivunjika paja analala wiki nenda wiki rudi mguu ukivutwa kwa uzito, au anapewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na ndugu wanaanza kuuza mbuzi kutafuta nauli.

Sasa nataka kuomba kusoma. Mkubwa wangu wa kazi kaniambia mifupa ni nguvu za kiume, niende magonjwa ya wanawake na uzazi nipate muda wa familia. Wakati madaktari wa wazazi ndio wanaoamshwa usiku kuliko sisi wote! Mama mkwe naye kashikilia hilohilo. Mume yuko upande wangu, ila anaogopa mionzi ya tiata nikishika mimba tena.

Kuna mwanamke humu aliyepita njia hii? Na hivi vyama vya mabingwa vina nafasi kwetu, au tunakwenda kukaa viti vya nyuma?

Mzee wa Katubuka
Binti yangu, nia yako njema. Lakini nilishuhudia nyonga ya kijana wangu ikirudishwa. Wanaume wawili walitoka jasho. Utaweza?

Binti Ujiji
Shikamoo mzee wangu. Nyonga inataka mgonjwa apewe dawa misuli ilegee, na msaidizi wa kushikilia kiuno, hata daktari awe mwanaume. Juzi nimepokea dereva wa boda kutoka Gungu, bega limetoka. Nilimpa dawa ya maumivu, nikamlaza kifudifudi, mkono ukaning'inia pembeni ya kitanda na uzito kwenye kifundo. Misuli ikachoka yenyewe, bega likarudi, wala sikumvuta.

Mifupa Mwanza
Dada, mimi ni bingwa wa mifupa na ni mwanamke. Bega hilo limeshakujibia hoja ya nguvu. Kutoboa mfupa tunatumia drili, na paja tunaliunganisha kwa chuma cha SIGN, kinachopenyezwa ndani ya mfupa, ambacho kimeundwa kifungwe hata pale pasipo na mashine ya eksirei ndani ya tiata. Kwa mikoa kama Kigoma hilo ni jambo kubwa sana.

Hofu ya mume wako usiipuuze, ijibuni kwa vitendo. Ukirudi nyuma umbali wako na chanzo cha mionzi ukawa mara mbili, mionzi inayokufikia inabaki robo. Vaa kipimo cha mionzi, na ukiwa mjamzito ongeza kingine chini ya aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, usawa wa tumbo. Saruji ya mfupa, ile ya kushikizia viungo bandia, ikichanganywa, toka nje usivute mvuke wake. Aproni nazo ni shida: nyingi zimekatwa kwa vipimo vya wanaume, zinaacha wazi ubavu wa titi karibu na kwapa. Dai inayokukaa. Mimi nilidai mpaka ikaletwa.

Kasulu Kwetu
Kuhusu viti vya nyuma, hata wakubwa wa dunia hawana cha kujivunia. Chama cha mabingwa wa mifupa wa Marekani, AAOS, kilianza 1933. Ruth Jackson alikuwa tayari anafanya kazi hiyo, wenzake wanaume wakaingizwa moja kwa moja, yeye akaachwa mpaka alipofaulu mtihani wa bodi 1937. Rais wa kwanza mwanamke, Kristy Weber, kapatikana 2019! Uingereza wamesubiri hadi 2022, akaingia Deborah Eastwood. Na mpaka leo huko Marekani wanawake hawafiki mmoja kati ya mabingwa kumi wa mifupa.

Mifupa Mwanza
Ndiyo maana namwambia aingie mapema. Kwetu, COSECSA, chuo cha wapasuaji cha mashariki, kati na kusini mwa Afrika chenye makao makuu Arusha, kina mtandao wa wanawake wapasuaji, WiSA, tangu 2015. Jiunge ukiwa mwanafunzi, lipa ada, hudhuria mikutano, na zikitajwa kamati za mitihani na mafunzo omba uwekwe. Huko ndiko inakoamuliwa nani anafaa kuwa bingwa, na tukiwa hatumo tutaendelea kuambiwa habari za nguvu. Kuhusu chuo, kuna MUHAS, KCMC na Bugando. Ufadhili wa Wizara ya Afya nao uombe.

Binti Ujiji
Asante sana dada. Mume nimemsomea yote, kaomba nimtafutie hiyo habari ya aproni aielewe vizuri. Kilichobaki ni barua ya utambulisho. Je, lazima iandikwe na mkubwa wangu huyuhuyu?

Mifupa Mwanza
Kibali cha mwajiri huwezi kukikwepa, omba kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi. Ila barua ya kukusifia aandike bingwa aliyekuona ukifanya kazi. Kama huko hayupo, omba likizo uje wodini kwetu tufanye kazi pamoja, nitaiandika mimi. Njoo inbox.