Naombeni ushauri: unga wa titani unageuka kahawia

Wakuu, habari za leo. Niko kwenye mradi wa mwaka wa mwisho chuoni: naoksidisha mvuke wa tolueni (kimiminika cha kuyeyushia rangi) kwa mwanga juu ya unga wa dioksidi ya titani, wenye umbo la fuwele liitwalo anatase; unga huu ndio unaochochea mmenyuko. Taa ni ya urujuanimno, nanomita 365. Ninavyoelewa, mwanga unairusha elektroni ndani ya unga na kuacha tundu, yaani pengo lenye chaji chanya. Elektroni inadakwa na oksijeni, tundu linayanyang'anya elektroni maji au tolueni yenyewe. Hapo inazaliwa benzaldehaidi, kisha asidi ya benzoiki, mwishowe kabonidioksidi.

Saa ya kwanza kazi inakwenda vizuri, halafu inadorora kabisa. Nikifungua, unga uliokuwa mweupe pe umekuwa wa njano, na palipopigwa na mwanga zaidi ni kahawia. Nahisi asidi ya benzoiki imeng'ang'ania juu ya unga na kuziba nafasi ambazo mmenyuko hufanyika.

Natumia hewa kavu. Je, nikiipitisha kwanza kwenye maji ipate unyevu itasaidia, au maji yatagombea nafasi na tolueni? Na kuusafisha, niuchome kwenye tanuri nyuzi 400, au niuache chini ya taa na hewa yenye unyevu, bila tolueni? Nimebakiwa na gramu 5 tu, naogopa kuuharibu.