RNA ya L1 imejaa kwenye seli shina zangu: je, ni dalili kwamba imehama?

Binti Kuze (Mombasa)

Assalam aleikum nyote. Nasomea uzamili wa bayolojia ya molekuli hapa Mombasa, na kazi yangu ni ya kompyuta tupu. Maabara ya kukuzia seli shina sina, ila data za wenzetu ziko wazi kwenye hazina ya GEO na yeyote aweza kuzishusha. Nimechukua seti moja ya seli shina za kiinitete cha binadamu, RNA yake imesomwa seli kwa seli.

Natafuta transposoni, vile vipande vya DNA vinavyohama au kujinakili na kujipachika kwingine. Barbara McClintock alivigundua kwenye mahindi miaka ya 1940, na Nobel akaipata 1983. Hadi leo wachambuzi wengi wa data kama yangu huvitupa kabla hawajaanza kazi, na hili laniuma, kwa sababu karibu 45% ya jenomu yetu (DNA yote ya binadamu) imetokana navyo, ilhali sehemu zinazotengeneza protini hazifiki 2%.

Nilipohesabu kwa Cell Ranger, programu ya kuhesabu RNA ya kila seli, sikuona kitu cha maana. Nikaruhusu visomo (vipande vya RNA vilivyosomwa na mashine) vinavyolingana na sehemu nyingi za jenomu, na hapo L1, transposoni inayojinakili kupitia RNA, ikatokea karibu kila seli. Kisha kuna kikundi kidogo cha seli ambacho L1 na HERVH (moja ya HERV, mabaki ya virusi vya kale ndani ya DNA yetu) zimepanda kupita wengine wote. Msimamizi wangu ameuliza, "Kwa hiyo humo zinahama?" Naomba anayejua anijibu kwa ushahidi: naweza kuandika hivyo?

Mwalimu wa Tudor

Wa aleikum salaam binti yangu. Usiandike hivyo.

RNA ni hatua ya kwanza tu. L1 ikishaandikwa, yaani DNA yake ikishanakiliwa kuwa RNA, lazima protini zake mbili, ORF1p na ORF2p, zitengenezwe, ziishike RNA ileile, ziingie nayo kwenye kiini, halafu ORF2p ikate DNA na kuigeuza RNA kuwa DNA papo hapo kwenye mkato. Mambo yaweza kukwama popote njiani. HERVH ndiyo usiitie kabisa kwenye habari ya kuhama. Katika seli shina za kiinitete huandikwa kwa wingi, na ni alama nzuri ya hali ya seli, lakini hakuna HERV inayojulikana kuhama kwa binadamu wa leo.

Nina shaka kubwa zaidi ya hiyo. Data yako nadhani ni ya kusoma ncha ya 3′, yaani mkia wa RNA. L1 nzima ina herufi kama 6,000. Tunazo nakala kama 500,000, na zenye uwezo wa kuhama ni kama 80 hadi 100 tu. Nyingi kati ya zilizobaki zilikatika upande wa mwanzo zilipokuwa zikiingia, mkia ukasalimika. Mashine yako yasoma mkia. Ukionyeshwa pindo peke yake, utajuaje kama leso ni nzima au ni kitambara cha kudekia?

Tena mkia huo una A nyingi mfululizo. L1 iliyolala ndani ya introni, sehemu ya jeni inayokatwa na kutolewa kwenye RNA, huandikwa pamoja na jeni yake, na RNA hiyo, kabla introni hazijaondolewa, hunaswa na zile T zilizo kwenye shanga za kunasia mikia ya A kama kwamba ni RNA iliyokamilika. Utaandika "L1", kumbe ni jeni jirani iliyowashwa. Kwa hiyo pima katika kila seli sehemu ya visomo vyote inayoangukia kwenye introni. Ikipanda sambamba na L1, hicho kikundi chako hakijathibitisha lolote kuhusu L1. Angalia na uelekeo: L1 inayosomeka upande mmoja na jeni iliyoibeba ndiyo ya kushukiwa zaidi.

Ukitaka kuhama kwenyewe, tafuta DNA. Seli moja ina kama pikogramu 6, kwa hiyo huzidishwa kwanza, na kuzidisha huunganisha vipande visivyohusiana, vikafanana na L1 mpya. Mwaka 2015 kundi moja lilitangaza wastani wa L1 mpya 13.7 katika kila neuroni ya hipokampasi, sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata wengine waliipitia data ileile wakasema nyingi ni miungano ya uongo, na kiwango halisi kiko chini kabisa ya 1. Seli shina zina fadhila ambayo neuroni haina: zinagawanyika. Itenge moja, ikue hadi iwe koloni, DNA itatosha bila kuzidishwa, uisome kwa visomo virefu. L1 iliyoingia kweli huacha mkia wa A na herufi chache zilizojirudia pande zote mbili za mahali ilipoingia. Bila alama hizo, usiamini.

Fundi Likoni

Dada, kwa upande wa programu: Cell Ranger huhesabu visomo vyenye mahali pamoja tu, ndiyo sababu hukuona kitu. Kwenye STAR, programu ya kutafutia visomo mahali pake kwenye jenomu, outFilterMultimapNmax (idadi ya juu ya mahali kisomo kimoja kinaporuhusiwa kulingana) ni 10 usipoigusa. Ipandishe hadi 100, kisha tumia scTE au SoloTE, programu za kuhesabu transposoni seli kwa seli. Jumlisha kwa familia ya transposoni, usidai nakala fulani ndiyo iliyoandikwa. Na hifadhi kila hatua kwenye faili yake, maana stima zikikatika usiku utaanza upya.

Mama Nassir

Mimi ni muuguzi, wanangu, haya ya programu siyajui. Utafiti huu wamsaidia nani?

Binti Kuze

Mama, nina binamu mwenye hemofilia, ndiyo njia iliyonifikisha huku. Mwaka 1988 Haig Kazazian na wenzake walichunguza wagonjwa 240 wa hemofilia A, wakakuta wawili ambao L1 ilijipachika ndani ya jeni ya faktari ya nane, protini ya kugandisha damu. Wazazi wao hawakuwa nayo pale. Simaanishi ndiyo sababu ya binamu yangu, yake haijapimwa. Lakini seli shina za iPS, yaani seli za kawaida zilizorudishwa kuwa seli shina, zinatayarishwa ziwe tiba, na mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba L1 mpya huweza kuingia humo pia. Seli ya kupandikizwa mwilini mwa mtoto wa mtu, mimi nataka ichunguzwe kwanza.

Mwalimu, shukran sana. Nimemwandikia msimamizi kwamba swali la tasnifu sasa ni kuandikwa kwa RNA, neno "kuhama" nimelitoa. Hicho kipimo cha introni nikifanye kabla ya kuchuja seli zinazokufa, au baada?

Mwalimu wa Tudor

Baada. Seli inayokufa huvujisha RNA ya nje ya kiini, ikabaki ile ya kiini yenye introni nyingi, nayo itakuongezea L1 ya uongo. Zichuje kwanza.