Ukurasa halisi wa Spider-Man mnadani Marekani, mimi niko Uingereza: niweke dau gani?

Mdau_Leicester
Wakuu, salaam. Kuna ukurasa wa komiki ya The Spectacular Spider-Man, ule wenyewe uliochorwa kwa mkono na mchoraji Sal Buscema mwanzoni mwa miaka ya 1990, uko mnadani Marekani. Una paneli (visanduku vya picha) tano, na Spider-Man yuko ndani ya vazi lake kwenye tatu. Dau limefika dola 850. Mnada unafungwa Alhamisi saa 4 usiku kwa saa za Texas, na ada ya mnunuzi, inayoongezwa juu ya dau lililoshinda, ni 20%. Fedha niliyonayo hadi mzigo unifikie mlangoni ni dola 2,000, haiongezeki. Dau langu la mwisho liwe ngapi, na kwenye picha nikague nini?

HesabuKwanza
Mkuu, ishia 1,400. Ukishinda kwa 1,400, ada ni 280, inakuwa 1,680. Chukulia usafirishaji na bima 110: 1,790. Mchoro halisi wa mkono hautozwi ushuru wa forodha Uingereza, ila kuna VAT ya 5% juu ya jumla hiyo, kama 90. Benki ikikata 3% kwa kubadilisha fedha, ni 54. Msafirishaji naye atadai chake cha kushughulikia forodha, weka 15. Jumla 1,949.

Sasa shika hili: hiyo 5% haiji yenyewe. Ankara ikiandikwa "bango" tu, mzigo unaweza kuingizwa kwenye kundi la machapisho ya picha na kutozwa 20%. Badala ya 90 unalipa 358, na bajeti imepasuka. Kabla hawajatuma, waandikie wenye mnada kwamba ankara itaje mchoraji, mwaka, "mchoro halisi uliochorwa wote kwa mkono, wino juu ya karatasi", na msimbo wa forodha 9701. Kudai urudishiwe baadaye kunawezekana, lakini ni barua juu ya barua.

Ada watu huidharau mno. Mchoro wa Hergé uliokusudiwa kuwa jalada la Tintin, Le Lotus bleu, uliuzwa Paris Januari 2021: nyundo iligonga kwenye yuro milioni 2.6, mnunuzi akalipa karibu milioni 3.2.

Halafu ukilinganisha na mauzo ya nyuma, kumbuka kwamba nyumba nyingi za mnada huchapisha bei ikiwa na ada ndani. Ukiona 1,200 na ada ilikuwa 20%, dau lililoshinda lilikuwa 1,000.

KalamuNaBrashi
Mimi naongelea ubao wenyewe, yaani karatasi ngumu iliyochorwa. Karatasi ya Marvel ya kipindi hicho ni ngumu, inchi 11 kwa 17, na eneo la mchoro ni kama 10 kwa 15. Pembezoni kuna mistari ya buluu hafifu iliyochapwa, na juu kuna nafasi ya jina la kitabu, toleo na namba ya ukurasa. Chukua namba hizo, tafuta toleo kwenye Grand Comics Database (orodha ya komiki mtandaoni), kisha pata kitabu chenyewe ulinganishe paneli kwa paneli.

Omba skani kubwa, nukta 300 kwa inchi. Kuza sehemu yenye weusi mwingi, mfano kivuli nyuma ya Spider-Man. Wino wa brashi hauko sare: utaona mapito yanapandana, kingo zimekolea, katikati pamepauka kidogo. Fotokopi ina weusi wa aina moja. Tafuta pia penseli isiyofutika vizuri chini ya wino, na rangi nyeupe ya kusahihishia. Maneno ya wahusika kwenye maputo wakati ule yaliandikwa kwa mkono juu ya ubao huohuo. Kipande cha puto kilichobandikwa na gundi iliyogeuka manjano ni cha kawaida kabisa.

Ukurasa ukiwa na rangi, simama. Rangi haikuwekwa kwenye ubao wa wino. Kinachouzwa hapo aghalabu ni mwongozo wa rangi, yaani fotokopi iliyopakwa rangi ili kuwaongoza wachapaji. Ni kitu halali, ila thamani yake ni ndogo sana kuliko ubao. Na maelezo yakisema "umechorwa upya", huo si ule uliotumika kuchapa kitabu, hata kama mkono ni wa mchoraji yuleyule.

SaaKumi
Saa 4 usiku Alhamisi Texas ni saa 10 alfajiri Ijumaa kwako, tofauti ya saa sita. Angalia tarehe tu: katikati ya Machi, na wiki moja mwishoni mwa Oktoba, tofauti inapungua kuwa saa tano, kwa sababu nchi hizi hazibadilishi saa siku moja.

Soma masharti ujue mnada unafungwaje. Kama kila dau jipya linaongeza dakika, kuvizia sekunde za mwisho hakuna faida. Weka dau la siri la 1,400, mfumo utakupandishia hatua kwa hatua, wewe lala. Madau mawili yakilingana, kwa kawaida la kwanza ndilo linashinda, kwa hiyo usichelewe. Kwenye eBay muda ukifika umefika, hapo kuvizia kunafaa, na weka namba isiyo ya mviringo kama 1,403.57. Nyumba za mnada zina viwango vyao vya kupandisha dau, na namba kama hiyo huenda ikakataliwa.

Mdau_Leicester
Asanteni sana wakuu. Wamenitumia picha ya nyuma: kuna selotepu ya zamani, doa la manjano juu kushoto.

KalamuNaBrashi
Uliza kama doa limepenya mbele hadi kwenye wino. Kama liko pembezoni tu, halikuzuii. Selotepu usiibandue mwenyewe, itang'oka na ngozi ya karatasi; hiyo ni kazi ya fundi wa kuhifadhi karatasi. Na wakitaka kuusafirisha umekunjwa kwenye bomba, kataa. Ulazwe kati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya mfuko wa Mylar (plastiki ya kuhifadhia karatasi).