MJADALA: Simu zifungiwe mlangoni kwenye matamasha, au kila mtu abaki na yake?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa matamasha tangu zamani, na karibu mara zote naenda na kundi lilelile la marafiki. Safari hii kundi limegawanyika. Msanii tunayemfuatilia ametangaza kwamba hakuna kuingia ukumbini na simu iliyo wazi, inafungiwa kwenye kifuko mpaka shoo iishe. Wenzangu wengine wanasema safi sana. Wengine wanasema hawawezi kulipa kiingilio halafu wapangiwe maisha. Tumebishana mpaka tumechokana, nimeona niulete kwenu.

Kwa ambaye hajakutana na kitu hiki: kuna kampuni ya Marekani inaitwa Yondr, ilianzishwa 2014, inayotengeneza vifuko vyenye kufuli ya sumaku. Unafika mlangoni, simu inatumbukizwa, kifuko kinabanwa, unakaa nacho mwenyewe. Ukipata dharura unatoka hadi eneo lililotengwa, wanakufungulia, unapiga simu yako, unarudi. Mwanamuziki Jack White alizunguka na utaratibu huo ziara yake ya 2018, na picha rasmi zikawekwa mtandaoni kwa ajili ya mashabiki. Bob Dylan naye kaufuata. Kate Bush hakufika huko: aliporudi jukwaani London 2014, baada ya miaka 35 bila ziara, aliwaomba watu mapema tu kwamba wasipige picha wala kurekodi.

Mimi nasema zifungwe.

Sina ugomvi na anayepiga picha moja akaweka simu mfukoni. Ugomvi wangu ni na yule wa mbele yangu. Nimewahi kusimama nyuma ya jamaa aliyenyoosha mikono juu kuanzia wimbo wa kwanza, nikawa namwona mwimbaji ndani ya kioo cha simu yake, ukubwa wa kidole gumba, wakati mwimbaji mwenyewe yuko mita chache tu mbele yetu. Wimbo ulipofika pale mpiga ngoma anapoachiwa uwanja peke yake, jamaa akashusha mikono. Nikashukuru. Kumbe anachagua kipande cha kuposti! Ngoma zinalia, yeye anakata video na kuandika maneno chini yake. Alipoinua kichwa, mpiga ngoma alishamaliza.

Halafu hizo video zenyewe, nani huzitazama? Maikrofoni ya simu haikutengenezwa kwa kelele za ukumbi unaopita desibeli 100. Besi inakwaruza, sauti ya mwimbaji inazama, na anayesikika vizuri kuliko wote ni aliyeshika simu, tena anaimba nje ya ufunguo.

Sisi tukikaa kupiga stori za shoo tulizokwenda, hakuna anayetoa simu. Tunasimulia usiku ambao spika zilikata katikati ya wimbo na ukumbi mzima ukaumalizia, bendi imesimama inatusikiliza sisi. Tunamsimulia mwenzetu mmoja ambaye hajui ubeti wa pili wa wimbo wowote duniani, akawa anaimba maneno yake ya kujitungia kwa kujiamini kabisa, mpaka dada wa mbele akageuka na kuanza kumfundisha mstari kwa mstari. Wakawa wanaimba wawili. Hayo yote hayamo kwenye video ya mtu yeyote, maana kamera zote zilikuwa zimeelekea jukwaani.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA 1

Mkuu umemaliza. Ongeza na wale wa tableti. Mtu anainua kitu kama sinia, watu watatu nyuma wamepoteza tamasha.

MCHANGIAJI WA 2

Mleta mada, nakuheshimu, ila umeandika kama mtu ambaye simu kwake ni ya kuchezea tu. Mimi nina kisukari aina ya kwanza. Kihisi kiko kwenye mkono, kinatuma kiwango cha sukari kwenye simu, na sukari ikishuka simu inalia. Ukinifungia simu, kengele nitaisikia lakini namba siioni. Tena kwa kelele unazozisema mwenyewe, hata hiyo kengele sitaisikia.

Najua utaniambia kuna msamaha kwa wagonjwa, na kuna kumbi zinazotoa kifuko cha kubandua kwa mkono badala ya kile cha sumaku. Lakini umewahi kufikiria msamaha huo unaombwaje? Niko kwenye foleni, nyuma yangu watu wana haraka, baunsa ananiuliza kwa nini sitaki kifuko. Inabidi nieleze ugonjwa wangu kwa sauti ya juu mbele ya wageni, na marafiki zangu wengine hata hawaujui. Kisha nikiingia na simu yangu mkononi, kila mtu ananiangalia kama mvunja sheria. Starehe gani hiyo?

MCHANGIAJI WA 3

Naunga mkono dada hapo juu, na mimi naongeza usalama. Manchester, Mei 2017, bomu lililipuka watu wakitoka kwenye tamasha, wakafa 22. Wengi waliokuwa mle ni watoto na vijana, na wazazi wao walikuwa wanawatafuta kwa simu. Houston, Novemba 2021, kwenye tamasha la Astroworld, watu 10 walikufa kwa kubanwa kwenye msongamano, mdogo wao ana miaka 9. Mengi tunayoyajua ya usiku ule tunayajua kwa sababu mashabiki walirekodi: watu wanaomba shoo isimamishwe, muziki unaendelea. Sasa niambieni, siku hiyo kamera zote zingekuwa zimefungwa, tungebaki na maelezo ya nani?

Mnaopenda vifuko mnafikiria usiku ambao mambo yameenda sawa.

MCHANGIAJI WA 4

Mtu wa tatu ana hoja, ila tuangalie na historia. Kurekodi shoo hakukuanza na simu. Bendi ya Marekani ya Grateful Dead iliona mashabiki wanaingia na vinasa sauti, badala ya kuwafukuza ikawatengea sehemu yao rasmi mwaka 1984, nyuma ya fundi mitambo. Warekodi, wabadilishane kanda, mradi wasiuze. Leo shoo zile zinasikilizwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Kama kila bendi ingefunga milango, sehemu kubwa ya hazina hiyo isingekuwepo.

Kwa hiyo mimi napendekeza watengewe sehemu. Anayetaka kurekodi akae huko nyuma au pembeni, arekodi mpaka betri iishe. Mbele wabaki wa kucheza.

Ninachokiogopa zaidi ya vifuko ni teknolojia. Mwaka 2016 Apple walipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya mfumo ambao miale isiyoonekana ikitumwa kutoka jukwaani inaweza kuizima kamera ya simu yako. Kifuko angalau unakiona. Siku kitu cha namna hiyo kikianza kutumika, hakitaishia kwenye muziki.

MCHANGIAJI WA 5

Naomba nitie neno kuhusu kumbukumbu, maana mleta mada kaligusa halafu kalipita.

Kuna utafiti wa Linda Henkel, ulitoka 2014. Aliwapeleka wanafunzi makumbusho, vitu vingine wavipige picha, vingine wavitazame tu. Walivyovipiga picha walivikumbuka vibaya zaidi. Wapinga simu wanaupenda sana utafiti huo, lakini wanaacha nusu yake: waliovuta kamera karibu na sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu. Akafuata Alixandra Barasch na wenzake 2017, wakakuta kwamba watu wanaoamua wenyewe kupiga picha hukumbuka vizuri zaidi walichokiona, ila hukumbuka vibaya zaidi walichokisikia.

Rudieni hapo. Macho yanapata, masikio yanakosa. Kwenye makumbusho hiyo ni biashara nzuri. Kwenye tamasha umelipa kusikia.

MCHANGIAJI WA 3

Mtu wa tano, watu waliokuwa makumbusho wakisikiliza maelezo hawafanani na mimi niliyeujua wimbo kwa miaka kumi. Maneno nayajua. Nisichokuwa nacho ni sura yake akiuimba. Kwa hesabu yako mwenyewe, picha inanipa kile ninachokikosa.

MCHANGIAJI WA 6

Mimi nina kisa kidogo tu. Rafiki yetu mmoja alilazwa hospitali wiki ya tamasha tuliloliwekea akiba sote. Wimbo wake ulipoanza tukampigia kwa video, simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akaishika mstari mmoja ili mkono usichoke. Sauti ilikuwa mbaya, picha inakatakata. Alilia, sisi tukalia. Mleta mada, kwa sheria yako huyo angekosa. Nakuuliza kwa nia njema, siyo kukutega.

MLETA MADA

Nimewasoma wote, asanteni. Wa 6, kwa sheria yangu angekosa, ndiyo. Sitazunguka. Ila kumbuka mlichofanya kilikuwa wimbo mmoja kwa mtu mmoja. Ukumbi ukiruhusu kwa ajili yenu, unamruhusu na jamaa wa kukata video, na wale wanne waliosimama pembeni yake. Hakuna mlangoni anayeweza kupima nia ya mtu.

Wa 3, hilo la usalama sitalibishia. Ukumbi unaofunga simu za watu umejitwika mzigo: wahudumu wenye uwezo wa kusimamisha shoo, waokoaji ndani ya umati, na milango inayofunguka. Asiyeweza kubeba hayo asiguse simu ya mtu. Wa 4, sehemu ya warekodi naipenda, lakini tatizo ni kwamba wote watataka iwe mbele.

Na jambo moja sikulisema mwanzo: litangazwe kabla tiketi hazijaanza kuuzwa. Kumuuzia mtu tiketi, halafu siku mbili kabla ya shoo ndiyo aambiwe habari za vifuko, ni kumchukulia hela kwa ujanja.

MCHANGIAJI WA 1

Swali la kijinga: tiketi yenyewe si iko ndani ya simu? Na shoo ikiisha, watu maelfu wanatoka kwa mpigo, mtatafutanaje?

MLETA MADA

Tiketi inakaguliwa kwanza, ndipo simu inafungwa. Ya kutafutana ni rahisi, kundi letu tuna utaratibu: kabla ya kuingia tunachagua mahali nje, kila mtu anapaangalia kwa macho yake, na asiyefika ndani ya nusu saa anajitegemea. Kuna mmoja kila mara anajitegemea.

Kilichonibana ni cha dada wa kisukari. Nimewaza utaratibu wa kujaza fomu wakati wa kununua tiketi, mlangoni apite kama wengine bila kuulizwa. Lakini hapo tena kampuni ya tiketi inajua ugonjwa wake, na sioni kwa nini ijue. Dada, wewe ungetaka iweje?